Je, lakrosi ni uganga? Jibu kwa mama wa Syracuse

*"Shikamoo mwalimu. Sisi tumetoka Uvira, tukakaa kambini Nyarugusu miaka kumi na mmoja, sasa tuko Syracuse, New York. Kijana wangu wa miaka 14 amechaguliwa kwenye timu ya lacrosse ya shule yao, na dada yake wa miaka 11 naye anataka kuanza. Wiki iliyopita mzee mmoja wa Onondaga, taifa la wenyeji wa asili wa hapa, alikuja shuleni akawaambia watoto kwamba mchezo huu ni dawa na ulitoka kwa Muumba. Mchungaji wetu aliposikia alisema huo ni uganga, tena wanachezea jina la msalaba, la croix. Baba yao yeye anasema ni mchezo wa watoto wa wazungu matajiri, mtoto mweusi ataonewa tu. Na binti kaniambia amesikia kwamba mwanamke haruhusiwi kugusa fimbo. Karatasi ya ruhusa iko mezani, sijatia sahihi. Nifanyeje?"*

Marahaba, mama. Karatasi moja ya lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu, na maswali manne juu yake: jina, dawa, rangi na pesa, halafu binti yako. Mengine nitayapita upesi, mengine yatanichukua muda, kwa sababu yana historia ndefu ambayo wengi wanaoucheza mchezo huu hawajawahi kusimuliwa.

La jina ndilo jepesi. La crosse si la croix. Wewe uliyesoma Kifaransa utakumbuka kwamba crosse ni gongo lililopinda kichwa, na ndilo neno la kitako cha bunduki. Fimbo ya askofu nayo huitwa crosse, ndiyo maana utasikia watu wakisimulia kwamba wamisionari waliziona fimbo za wachezaji, wakamkumbuka askofu wao, wakaubatiza mchezo jina hilo. Lakini Wafaransa walikuwa na michezo yao ya kupiga mpira kwa gongo tangu kwao Ulaya, wakiiita kwa neno hilohilo. Walipofika Canada wakakuta watu wanacheza mpira kwa fimbo zenye wavu, wakatumia neno walilokuwa nalo mdomoni. Msalaba haumo. Na wenye mchezo wana majina yao wenyewe: Wamohawk husema tewaarathon, Waojibwe husema baaga'adowe, na majirani zako Waonondaga husema dehontsigwaehs, maana yake wanagongana nyonga. Ukiwatazama wakicheza utaona jina hilo lilitungwa na mtu aliyekuwa uwanjani.

Sasa dawa. Hapa sitakuficha kitu, maana mchungaji wako hakuota. Mwaka 1636 padri Mjesuiti Jean de Brébeuf, aliyekuwa akiishi miongoni mwa Wawendat, watu ambao Wafaransa waliwaita Wahuron, aliandika kwamba mtu akiugua, mganga angeweza kuagiza mchezo wa crosse uchezwe kwa ajili ya afya yake. Brébeuf hakupendezwa, kama mchungaji wako asivyopendezwa. Na jambo hilo halijakufa. Waonondaga na ndugu zao wa muungano wa Haudenosaunee, ndio wale waliokuwa wakiitwa Wairoquois, hadi leo huucheza mchezo huo wa dawa kwenye ardhi yao, kusini kidogo mwa mji mnaoishi.

Lakini tazama unavyochezwa. Mtu anaumwa, au moyo wake umelemewa, au jamii yote ina msiba. Anaomba mchezo. Wanaume wanakusanyika, vijana kwa wazee, wenye mbio na wasio na mbio, wanagawanyika pande mbili. Fimbo ni za mti na mpira ni wa ngozi ya kulungu. Hakuna kiingilio wala kombe, na hakuna anayelipwa. Mabao yanapangwa kabla, machache, yakitimia mchezo umekwisha. Wanachotoa ni jasho na nguvu zao, kwa ajili ya aliyeomba na kwa kumshukuru Muumba, ambaye kwa imani yao ndiye aliyewapa mchezo na ndiye anayefurahi kuutazama. Kwa hiyo mzee yule aliposema "dawa" hakuwa na maana ya hirizi ndani ya mpira. Alikuwa na maana kwamba watu wakikusanyika wakajitoa kwa ajili ya mmoja wao, mtu yule anainuliwa.

Sisi Waswahili na jirani zetu tuna mfano wetu karibu kabisa. Ngoma ya harusi ni ngoma, na ngoma ya kupunga pepo ni ngoma. Mti ni ule, ngozi ni ile, pengine hata mpigaji ni yuleyule. Ila hakuna mtu anayekwenda harusini akarudi nyumbani akisema amepungwa. Kinachotofautisha ni nani ameita, kwa nini, na nini kimesemwa kabla ya mkono kushuka. Ndivyo ilivyo kwa mchezo huu. Mchezo wa dawa una wenyewe, una mahali pake, na mwanao hawezi kuingia humo kwa bahati mbaya akitoka darasani. Anaoucheza shuleni ni mtoto wa mchezo ule, mwenye sheria, refa, saa na ubao wa mabao.

Kama imani yenu haikubali mtoto asimame kwenye sala ya dini nyingine, hiyo ni haki yako, na unaweza kumwambia kocha kwa upole: tutacheza, ila pakiwa na sherehe yenye sala tujulishwe mapema. Waonondaga hawataona vibaya. Ni watu walioambiwa kwa karne nyingi waache dini yao, wanaelewa mtu anayeilinda yake. Ninachokuomba ni neno "uganga" lisiwe ndilo watoto wako wanalobeba kwenda kwa wenzao wa Onondaga. Humu mlimofikia ni nchi ya watu hao.

Kabla sijaendelea, chukua hadithi hii uwasimulie wanao, maana huenda mzee hakupata muda wa kuimaliza. Wanyama wa miguu minne walipanga mechi na ndege. Upande wa wanyama kulikuwa na dubu mwenye nguvu, kulungu mwenye mbio na kobe anayestahimili mapigo. Upande wa ndege kulikuwa na tai, mwewe na bundi. Wakaja viumbe wawili wadogo, panya na kindi, wakaomba kucheza na wanyama wenzao. Dubu akacheka: ninyi mtakanyagwa. Wakaenda kwa ndege. Ndege wakawahurumia, wakakata vipande vya ngozi ya ngoma wakampa panya mabawa, naye akawa popo. Kindi wakamvuta ngozi ya ubavuni hadi akaweza kuelea hewani. Mchezo ulipokaza, wadogo wale wawili ndio walioleta ushindi. Sisi tunaosema popo si ndege wala si mnyama tunamcheka. Wao wamemfanya mshindi. Inasimuliwa kwa namna mbalimbali kutoka taifa moja hadi jingine, Wacherokee nao wanayo, na ningependa kijana wako aliyefika darasani akiwa hajui Kiingereza aisikie kutoka kwako.

Baba watoto naye ana hoja, tena nzito. Lakini anachokiona ni mwisho wa safari, hajaonyeshwa mwanzo.

Mchezo huu ulichezwa na mataifa mengi ya wenyeji kabla Mzungu hajafika, kutoka Canada hadi huko kusini kwa Wachoctaw, ambako kila mchezaji alishika fimbo mbili na wachezaji walihesabiwa kwa mamia. Ulikuwa sala, ulikuwa tafrija, ulitatua ugomvi kati ya vijiji pasipo vita. Mara moja ulikuwa mtego: Juni 1763 Waojibwe na Wasauk walicheza mbele ya ngome ya Waingereza ya Michilimackinac, askari wakatoka nje kutazama, mpira ukarushwa kuelekea langoni, wachezaji wakaukimbilia na njiani wakapokea silaha ambazo wanawake wao walizificha chini ya mablanketi. Ngome ikatekwa.

Karne moja baadaye, daktari wa meno wa Montreal, William George Beers, aliuandikia mchezo sheria za kizungu. Mwaka 1867, mwaka uleule Canada ilipoungana kuwa nchi, alipanga wachezaji 12 kila upande na mpira wa raba badala ya ngozi. Alitaka nchi mpya iwe na mchezo wake wa taifa, na alijua vizuri kajifunza kwa nani. Hata hivyo sheria hizo zilisema mwenyeji wa asili asichezee klabu ya weupe katika mechi mpaka pawe na makubaliano kabla. Mwaka 1876 timu ya Wamohawk wa Kahnawake na timu ya Montreal zilipelekwa Uingereza, zikacheza mbele ya Malkia Victoria huko Windsor, Wamohawk wakiwa wamevalishwa mapambo kama maonyesho. Mwaka 1880 chama cha Canada kikaamua mashindano yake ni ya wasiolipwa tu. Wenyeji walikuwa wakipokea pesa ili waweze kusafiri kwenda kwenye mechi, kwa hiyo wakahesabiwa kuwa wa kulipwa, wakafungiwa nje. Mama, soma sentensi hiyo tena. Watu walifukuzwa kwenye mchezo wao kwa sababu walihitaji nauli.

Hapo ndipo mchezo ulipopata sura anayoiona mume wako. Uliingia katika shule za kulipia na vyuo vikuu vya mashariki mwa Marekani, Baltimore, Long Island, New England, ukakaa humo kwa muda mrefu kama mali ya familia zenye uwezo. Na ubaguzi ulikuwa wa wazi. Mwaka 1941 Chuo Kikuu cha Harvard kilisafiri kwenda Annapolis kucheza na chuo cha jeshi la wanamaji. Kati ya wachezaji alikuwepo Lucien Alexis, kijana mweusi wa New Orleans. Wanamaji wakakataa kuingia uwanjani pamoja naye. Wakubwa wa Harvard wakamrudisha, mechi ikachezwa bila yeye. Wanafunzi wenzake walipinga kwa nguvu hadi chuo kikatangaza kwamba hakitakubali tena jambo kama hilo.

Basi sasa mwambie baba watoto hiki cha pili, tena kimetokea palepale mnapoishi. Mwaka 1957 timu ya Chuo Kikuu cha Syracuse ilimaliza msimu bila kufungwa. Kiungo wake alikuwa Jim Brown, mweusi, yule aliyekuja kuwa jina kubwa la mpira wa Kimarekani, na wapo wengi wanaosema hajawahi kutokea mchezaji wa lakrosi kama yeye. Kipa wake alikuwa Oren Lyons, Mwonondaga, aliyekuja kuwa mtunza imani wa ukoo wa Kobe na sauti ya watu wake mbele ya ulimwengu. Halafu kule Baltimore, mwaka 1970, chuo cha weusi cha Morgan State kilianzisha timu yake, na mwaka 1975 ikaishinda Washington and Lee, moja ya timu zilizoogopwa nchini, 8 kwa 7. Mweusi katika mchezo huu si mgeni aliyebisha hodi jana. Na kwetu pia umefika: mwaka 2014, huko Denver, Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza kombe la dunia la wanaume.

Pamoja na hayo sisemi kwamba wasiwasi wake hauna msingi. Mchezo huu bado ni wa weupe kwa sehemu kubwa na vifaa ni ghali: helmeti, glavu, kinga za mabega na mikono, fimbo yenyewe. Usinunue chochote kabla hujauliza shule kama ina vya kuazima. Shule nyingi za mijini zinavyo, na wazazi ambao watoto wao wamekua huvitoa. Na mtu akikwambia lacrosse itamlipia mtoto chuo, mshukuru kisha usiipange bajeti yako juu ya neno lake. Wanaopata ufadhili kamili ni wachache. Acheze kwa sababu anaupenda.

Kuna jambo hukuuliza, lakini kwa mtu aliyepitia kambini siwezi kuliacha. Mwaka 1983 Wahaudenosaunee waliunda timu yao ya taifa, na mwaka 1990 ikacheza kombe la dunia huko Perth, Australia. Walisafiri kwa pasipoti zao wenyewe, za Haudenosaunee, si za Marekani wala Canada, kama alivyofanya chifu wao Deskaheh alipokwenda Geneva mwaka 1923 kuusihi Ushirika wa Mataifa. Mwaka 2010 kombe likawa Manchester. Uingereza ikakataa pasipoti zile. Timu ikakwama New York, siku zikipita, mizigo imefungwa. Hillary Clinton, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, aliwapa kibali cha mara moja kwa upande wa Marekani, na bado Uingereza ikasema hapana. Wangeweza kusafiri kwa pasipoti ya Marekani au Canada wakacheza. Hawakutaka. Wakarudi makwao, na kombe la mchezo wao likachezwa bila wao.

Wewe unajua karatasi ni nini. Umepanga foleni ukiwa na kadi ya mgao, umeulizwa mara kumi ulizaliwa wapi na nani shahidi wako. Kwa hiyo utaelewa furaha ya mwaka 2015, kombe la dunia la lakrosi ya ndani lilipochezwa kwenye ardhi ya Onondaga yenyewe, na wageni waliofika wakagongewa mhuri wa Haudenosaunee kwenye pasipoti zao. Nina rafiki aliyekuwepo. Aliniletea picha ya ukurasa ule wenye mhuri, nami nimeiweka ofisini kwangu juu ya meza. Na bado halijaisha: lakrosi inarudi kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, wachezaji sita kwa sita, lakini kamati ya Olimpiki hupokea timu zenye kamati ya Olimpiki ya nchi yao tu, na Wahaudenosaunee hawana. Wanadai bendera yao.

Sasa binti yako. Alichosikia ni kweli, lakini hakimhusu kwa namna anavyodhani. Kwa Wahaudenosaunee fimbo ya mti ya mchezo wa dawa ni ya wanaume, na desturi yao ni kwamba mwanamke haigusi. Mtoto wa kiume huwekewa fimbo ndogo angali mchanga, na mtu mzima huzikwa nayo. Usiwaze kwamba hiyo ni dharau kwa wanawake. Kwa watu hao mtoto hufuata ukoo wa mama, na mama wa ukoo ndiye anayemteua chifu na ndiye anayeweza kumvua pembe zake za uchifu. Ni mgawanyo wa vitu vitakatifu, kila upande na wake. Timu ya wanawake ilipoanza kuundwa miaka ya 1980, baadhi ya kina mama wa ukoo walipinga. Mjadala ulikuwa mrefu, na leo Wahaudenosaunee wana timu ya taifa ya wanawake inayocheza duniani.

Mchezo atakaocheza binti yako una njia yake tofauti. Mwalimu Louisa Lumsden wa Scotland aliuona mchezo akiwa safarini Amerika ya Kaskazini mwaka 1884, ukampendeza, na mwaka 1890 shule ya wasichana ya St Leonards ikaanza kuucheza. Kutoka huko Rosabelle Sinclair akauleta Baltimore mwaka 1926. Ni mchezo wa mbio na ustadi, miili haigongani kama ya wavulana, na fimbo zake siku hizi ni za plastiki na chuma chepesi. Hakuna aliyemkataza kushika hiyo. Akimtembelea rafiki wa Onondaga na kuona fimbo ya mti ukutani, asiiguse mpaka aulize. Basi.

Mimi nimewahi kushikishwa moja. Ilikuwa ya mti wa hikori, mgumu kuliko inavyodhaniwa kwa macho. Gogo hupasuliwa kwa kufuata nyuzi za mti wenyewe, kipande kikapikwa kwa mvuke hadi kikubali kupinda, kikafungwa na kuachwa kikauke kwa miezi, ndipo kikachongwa na kusukwa kamba za ngozi. Alfie Jacques wa Onondaga, aliyefariki mwaka 2023, alifanya kazi hiyo maisha yake yote, na alipenda kuwaonyesha watoto wa shule. Niliyoshika mimi ilikuwa na sehemu laini, nyeusi kidogo, pale mkono wa chini unapokaa. Mwenyewe aliniambia ni jasho la babu yake. Sikuona tena haja ya kuuliza kwa nini wanazikwa nazo.

Limebaki la mwili wa kijana wako, ambalo kwangu ni zito kuliko la uganga. Lakrosi ya wavulana inaruhusu kugongana, na mpira wa raba ni mgumu. Usikubali acheze bila helmeti inayomkaa vizuri na kinga ya mdomo. Binti naye avae miwani ya kinga. Akigongwa kichwa kisha akalalamika kichwa kinauma, akatapika, akapepesuka, akasinzia ovyo au akauliza jambo lilelile mara mbili, ampumzishe kocha palepale, na wewe umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo hata kama yeye anasema yuko sawa. Vijana huficha ili wasitolewe kwenye timu. Akizimia au akizidi kusinzia, piga 911. Una haki ya mkalimani wa Kiswahili hospitalini bila malipo. Mwombe, usimtumie mtoto kutafsiri.

Kabla ya kutia sahihi nenda ukaonane na kocha ana kwa ana, na kama kiingereza kinakusumbua iambie shule iandae mkalimani. Muulize vifaa, usafiri wa jioni, na kama kuna watoto wengine weusi au wa Onondaga kwenye timu. Kwa mchungaji nenda na mume wako, mumweleze mlichosoma hapa, na mumwombe aje kutazama mechi moja kabla hajasema neno la pili. Na yule mzee mwombeni shule iwakutanishe naye. Mpelekee chochote cha nyumbani kwako, hata mandazi. Mwambie unatoka kwenye ziwa kubwa la upande wa pili wa dunia, umesikia habari za dawa, na umekuja kumsikiliza mwenyewe. Kisha mwombe amtajie binti yako jina la mchezo kwa lugha yake, polepole, hadi aweze kulitamka.